Vifaa vilivyokwisha kazi yake: namna ya kusimikia pasheni, matango na maharage bila kwenda dukani

Vuli inakaribia na wengi wenu mnauliza wapi pa kupata nguzo na waya kwa bei nafuu. Kwa tunaolima nyuma ya nyumba hapa Dar es Salaam, duka liwe mahali pa mwisho. Mji huu unajengwa na kubomolewa kila siku, na sehemu kubwa ya unachohitaji imeegeshwa kwenye ukuta wa mtu anayetamani aje mwenzake aiondoe.

Hatua ya 1: Tazama mmea wako unapandaje

Usianze na vifaa, anza na mmea. Maharage yanayopanda juu, nderema na viazi vikuu hujizungusha kwa shina lenyewe, hivyo fito yenye unene wa kipini cha jembe inatosha kabisa. Tango, dodoki, karela na pasheni hushika kwa vinyuzi vinavyojisokota kama springi. Kinyuzi hakiwezi kuikumbatia nguzo nene. Kinatafuta waya, kamba, wavu au kijiti. Ndiyo sababu unamkuta mtu kasimika mti mzuri na tango lake bado linatambaa chini. Nyanya haipandi yenyewe hata kidogo, hiyo utaifunga kwa mkono wako.

Pia fikiria umri. Maharage yanamaliza kazi kwa miezi michache, pasheni inakaa miaka. Kamba ya katani ni nzuri mno kwa maharage, maana msimu ukiisha unakata vyote, kamba na majani, unatupa kwenye mboji. Ukiiwekea pasheni kamba hiyo hiyo, itaoza wakati mti umebeba matunda.

Hatua ya 2: Zunguka mtaani

Saiti za ujenzi ndiko kwenye hazina. Slabu ikishakomaa, mirunda iliyoishikilia hutolewa, na ile iliyopinda au kupasuka hairudi tena kazini. Vilevile kuna vipande vya nondo, waya wa kufungia nondo, na mabaki ya wavu wa chuma wa BRC. Muulize fundi mkuu au mlinzi, usiokote kimyakimya hata kama kitu kimetupwa kwenye kifusi. Nondo fupi huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa hiyo ina mwenyewe. Nenda jioni watu wakifunga kazi, sema unataka kwa ajili ya bustani, na mboga zikikomaa wapelekee fungu.

Kwa fundi baiskeli omba rimu zilizopinda na tyubu zilizochoka. Tyubu ukiikata vipande vyembamba unapata kamba bora kuliko zote za kufungia mimea: inavutika, haikati shina, haiogopi mvua.

Nyavu kuukuu zipo Feri, Kunduchi na kila pwani wanakoketi watu wa kushona nyavu. Chagua wenye macho mapana unaopitisha mkono wako. Uloweke kwenye maji yasiyo na chumvi, usuuze mpaka chumvi itoke, kisha uutandaze na kukata kila sehemu iliyochanika na kuning'inia. Sehemu hizo ndizo zinazonasa ndege na mijusi.

Maseremala wana mabanzi. Paleti, yale majukwaa ya mbao ya kubebea mizigo, utazikuta Kurasini na kwenye maghala, ila subiri hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Kagua kabla ya kubeba

Paleti za kimataifa zina muhuri uliochomwa ubavuni. Ukiona herufi HT, mbao ziliuawa wadudu kwa joto, chukua. Ukiona MB, zilifukizwa kwa gesi ya sumu iitwayo methili bromaidi, ziache. Mti wenye rangi ya kijani ya dawa, kama vipande vya nguzo za umeme, usiuweke karibu na chakula. Vipande vya mabati ya asbesto kutoka nyumba za zamani usiviguse, wala usivivunje.

Hatua ya 4: Simika kabla ya kupanda

Ukisimika baadaye utakata mizizi. Mstari uelekee kaskazini na kusini: jua la asubuhi litapiga upande mmoja, la alasiri upande wa pili, na kusi ikivuma haitaukuta uso mzima wa kichanja.

Adui mkubwa ni mchwa. Mrunda wa mkaratusi ukiuzika mbichi, hauchukui muda. Kwa hiyo usiuzike. Pigilia nondo ya milimita 12 sentimita 60 ardhini, iache sentimita 60 juu. Weka tofali au jiwe pembeni yake, simamisha mrunda juu ya jiwe hilo, kisha ufunge kwenye nondo sehemu mbili kwa waya. Mti haugusi udongo, na mchwa akijenga njia yake juu ya jiwe utaiona na kuibomoa.

Kwa pasheni, mirunda miwili yenye urefu wa mita 2 iliyoachana mita 3 inatosha nyumbani. Iwekee mihimili ya kuizuia isivutwe ndani, kisha pitisha waya mnene juu. Chagua chipukizi moja au mawili yapande mpaka kwenye waya, mengine yaondoe.

Kwa maharage, tumia rimu mbili. Moja ifunge juu ya fito, nyingine ilaze chini kwa vigingi, fito ikipita katikati. Pitisha kamba za katani kwenye matundu ya spoki kutoka chini hadi juu, tundu moja baada ya kuruka mawili. Panda mbegu mbili mguuni mwa kila kamba. Inachukua eneo dogo sana.

Ukifunga nyanya, zungusha mpira kwenye fito, uupishe katikati, ndipo uzungushe shina. Ule mpishano ndio unaozuia shina lisisuguane na mti.

Maswali ya wanachama

Kutoka Mwanza: Shikamoo mama. Huku nyavu za dagaa ni nyingi kuliko zote. Zinafaa?

Marahaba mwanangu. Kwa kupandia hazifai. Macho yake ni madogo, tunda litaota likiwa limebanwa na kuvuna utashindwa. Tumia kufunika kitalu dhidi ya kuku. Kwa matango waombe wavuvi wa sangara nyavu zao zilizochakaa.

Kutoka Morogoro: Dada, mafundi wananiambia nipake oili chafu chini ya nguzo kuzuia mchwa.

Kwenye uzio wa ng'ombe watu wanapaka. Kwenye bustani ya kula usipake, kaka yangu. Oili ya injini iliyotumika ina mabaki ya metali na inalowea kwenye udongo uleule unaolisha mboga zako. Njia ya nondo na jiwe haina gharama yoyote zaidi.

Kutoka Muheza: Mimi nina pilipili manga. Naweza kutumia bomba la chuma la zamani?

Hapana, pilipili manga hushika kwa vijizizi vinavyotoka kwenye vifundo, navyo vinataka gome lenye mikwaruzo na unyevu. Bomba ni laini na linachemka juani. Isitoshe, zao hilo linaishi miaka mingi kuliko mti wowote mkavu utakaoupata. Panda mti hai: gilirisidia hushika kwa kuchomeka tawi tu, na ukiipogoa majani yake ni mbolea. Au ipandishe kwenye mfenesi ulionao tayari.

Kutoka Temeke: Nimepanga, sina ardhi, na mwenye nyumba hataki nitoboe ukuta.

Usitoboe. Chukua ndoo ya lita 20 iliyopasuka, itoboe chini, tanguliza mawe ili isianguke, kisha udongo na mboji. Chomeka fito tatu zikutane juu, uzifunge kwa tyubu. Panda nderema miche miwili. Kama dirisha lina nondo za kuzuia wezi, funga ncha ya juu hapo, ila acha upande mmoja wa dirisha wazi hewa ipite ndani.