Kitasa cha mlango wa gari kisichoshika: kioshe kabla ya kununua kingine

Mlango wa gari la zamani ukianza kugoma kufunga, wengi huubamiza. Ukibamizwa wiki kadhaa, unaishia kufungwa kamba, na mlango wa kamba ni hatari: kona moja kali inatosha kummwaga abiria. Vitasa vingi vinavyotupwa Tabora na Kigoma havijafa. Vimekabwa na vumbi tu, na ukivitoa, ukaviosha na kuvipaka grisi mpya, vinarudi kazini.

Kwenye nguzo ya mlango kuna chuma kilichopinda mfano wa U. Ndani ya kitasa kuna ulimi wenye umbo la uma, unaozunguka na kukikumbatia chuma hicho mlango unapofungwa. Nyuma ya ulimi kuna kizuizi kidogo chenye springi, kinachoingia kwenye meno ya ulimi ili usirudi. Mkono wa kufungulia mlango, wa nje na wa ndani, huvuta kizuizi hicho kwa rodi nyembamba, au kwa kebo katika baadhi ya magari.

Springi ya kizuizi ni ndogo. Grisi ya kiwandani ikikaa miaka 20 huku ikilishwa vumbi la Sikonge na Urambo, inakauka na kuwa nzito kama lami. Springi inakosa nguvu ya kukisukuma kizuizi humo, kwa hiyo ulimi unazunguka lakini haushikwi. Mlango unagonga na kufunguka papo hapo. Gari linalobeba chumvi ya Uvinza lina adui wa pili, kutu, ambayo hula springi na skrubu haraka kuliko vumbi.

Pima kabla ya kufungua chochote. Mlango ukiwa wazi, sukuma ulimi kwa bisibisi, upande ule ule unaozungukia mlango ukifungwa. Lazima ulie mara mbili: mlio wa kwanza ni nusu kufunga, wa pili ni kufunga kamili. Vuta mkono wa nje. Ulimi uruke na kurudi wenyewe bila kusaidiwa. Rudia kipimo hicho kwa mkono wa ndani. Kabla ya kuusukuma mlango, hakikisha ulimi uko wazi, kwani ukifunga mlango wakati ulimi umeshafunga, chuma cha U kitaugonga na kuupinda.

Ulimi ukirudi polepole au ukikwama njiani, ni uchafu. Mkono ukichezacheza bila uzito wowote, rodi imechomoka au klipu yake imevunjika. Mlango wa nyuma ukigoma kufunguka kwa ndani tu, angalia kwanza kiswichi cha kufuli ya watoto ukingoni mwa mlango. Kava, yaani ubao unaofunika mlango kwa ndani, hung'olewa bure kwa ajili ya hicho.

Kitasa kikilia vizuri kwa bisibisi lakini mlango haushiki, usikiguse. Shika ncha ya mlango uliofunguliwa, uinue. Ukipanda na kushuka, bawaba zimelika, na utaona chuma cha U kimekwanguliwa upande wa juu. Hapo dawa ni bawaba. Kama bawaba ni nzima na chuma cha U ndicho kilichohama, chora mstari wa penseli kukizunguka, legeza bolti zake kidogo, kisogeze milimita 1, kaza, jaribu. Usizitoe bolti kabisa: katika baadhi ya magari bamba lenye nyuzi lililo nyuma yake hudondokea ndani ya nguzo.

Kwa kutoa kitasa andaa bisibisi nyota kubwa inayojaa kwenye skrubu, bisibisi bapa, plaizi, spana namba 10, nyundo, mswaki wa zamani, nusu lita ya mafuta ya taa, grisi kijiko kimoja na glovu. Kingo za bati ndani ya mlango hukata kama wembe, kwa hiyo glovu si za hiari.

Pandisha kioo mpaka juu, maana kikiwa chini kinaziba nafasi ya kitasa. Kama kioo kinazungushwa kwa mkono, mkono huo mara nyingi umeshikwa na klipu ya waya nyuma yake. Pitisha kitambaa chembamba kati ya mkono na kava, kivute huku na huku kama unayesugua kiatu, na klipu itaruka. Weka kiganja pale, la sivyo utaitafuta uani hadi jioni. Fungua skrubu za kiegemeo na za mkono wa ndani, kisha bandua kava kwa bisibisi bapa. Bandua karibu kabisa na kila klipu. Ukibandua katikati, ubao unapasuka. Kava linyanyue juu kulitoa, na uchomoe soketi za umeme kama zipo. Nailoni iliyo nyuma yake ibandue taratibu, itarudi.

Piga picha za rodi kwa simu kabla ya kugusa. Klipu ya rodi ina mkono mdogo wa plastiki: uzungushe utoke kwenye rodi kwanza, ndipo uchomoe rodi. Ukivuta rodi kwa nguvu klipu inakatika, na waya wa kufungia unaotumiwa badala yake utakufikisha nyumbani lakini hautadumu.

Kitasa chenyewe hushikwa na skrubu ukingoni mwa mlango, mara nyingi 3. Hapa ndipo kazi huharibika. Zimekazwa sana na vichwa vyake hulika upesi. Simamisha bisibisi wima, igonge kwa nyundo mara mbili tatu, kisha zungusha huku ukiikandamiza kwa uzito wa mwili. Ikigoma, nyunyiza WD-40, iache usiku kucha, ugonge tena asubuhi. Kichwa kikishalika, kinachobaki ni kutoboa kwa drili.

Kama kitasa kina mota ya sentro loki, itoe kabla ya kukiloweka. Loweka nusu saa kwenye mafuta ya taa, sugua kwa mswaki, chezesha ulimi, badilisha mafuta, rudia mpaka yatoke masafi. Kianike kikauke kabisa. Grisi ya beringi inatosha: kiasi cha punje ya hindi kwenye mhimili wa ulimi, kingine kwenye mhimili wa kizuizi, kidogo kwenye meno. Inayobaki nje ifute, maana ndiyo itakayodaka vumbi jipya. WD-40 inalegeza lakini haikai muda mrefu. Oili chakavu ya injini ina masizi, usiitie. Kwenye tundu la ufunguo tumia unga wa risasi ya penseli, kamwe si grisi.

Kikishakuwa safi, kitazame juani. Ncha ya kizuizi na meno ya ulimi viwe na kona kali. Kona ikiwa ya mviringo, au springi imekatika, tafuta kitasa kingine. Kuchomelea jino kunaharibu ugumu wa chuma na kuyeyusha plastiki. Kulia na kushoto havibadilishani, wala vya mbele na vya nyuma. Nenda na cha zamani mkononi. Ukiagiza Dar es Salaam, tuma picha za pande zote mbili pamoja na namba ya chesisi, kwa sababu kukirudisha kitasa kisichofaa kutagharimu nauli nyingine ya mzigo.

Unaporudisha, rodi ya mkono wa nje mara nyingi ina nyuzi za kurekebishia. Acha mchezo wa kama milimita 1. Ikivuta muda wote, kizuizi hakishuki kikamilifu na mlango utafunguka njiani. Zibua kwa waya mitundu ya kutolea maji chini ya mlango. Ikiziba, maji ya masika hubaki humo na kulisha kutu.

Kava likiwa bado nje, rudia kipimo cha bisibisi kwa mkono wa nje na wa ndani. Mlango ukijifunga kabla hujajaribu, kuufungua ni kazi ya siku nzima. Ukiridhika, funga taratibu mpaka mlio wa kwanza tu, kisha uvute kwa nguvu: usifunguke. Sukuma hadi mlio wa pili, uvute tena. Bandika nailoni kwa gundi yake yote, rudisha kava, na baada ya wiki moja ya barabara mbovu kaza tena zile skrubu 3.