Steki ya bucha na mkaa wa gunia: ninavyochoma nyama nyumbani

Ukifika buchani hapa Dar es Salaam ukasema "nipe steki", utapimiwa nyama isiyo na mfupa, basi. Inaweza kuwa ya paja, ya bega, hata ya shingo. Muuzaji hajakudanganya; kwake steki ni ile isiyo mchanganyiko. Nami nilikuwa na akili hiyohiyo nilipoanza kazi ya jikoni kwenye hoteli moja Arusha. Wiki ya kwanza nikiwa jiko la kuchomea, mgeni alinirudishia sahani mara mbili: nyama ngumu kama kandambili. Mpishi mkuu hakunigombeza. Alichukua kipande kilichobaki ubaoni, akakigeuza, akakikata kwa upande mwingine, akanipa nionje. Nyama ileile, moto uleule, lakini ilitafunika. Nilikuwa nakata kwa kufuata nyuzi za nyama badala ya kuzikata katikati.

Siku hizi niko Tabata, jiko langu ni nusu pipa lililochomelewa na mafundi wa Gerezani, na kila Jumapili ya mwisho wa mwezi watu wananiuliza ninaifanyaje. Ni hivi.

Kwanza mjue ng'ombe mnayemla. Wengi wa hapa kwetu ni zebu, wale wenye nundu, wamekula majani na wametembea mno kutafuta malisho na maji. Wanaotufikia wengi hupitia mnada wa Pugu na machinjio ya Vingunguti, alfajiri wako buchani na mchana wako sufuriani. Nyama ya namna hiyo ina ladha kubwa ila mafuta ndani yake ni machache, na misuli iliyofanya kazi imekaza. Ndiyo maana maelekezo ya Wamarekani, ambao ng'ombe wao wengi hunenepeshwa kwa mahindi kabla ya kuchinjwa, ukiyafuata neno kwa neno utalia.

Kwa hiyo omba sarara, ule mkanda wa nyama unaolala kando ya uti wa mgongo, au fileti iliyo chini yake kwa ndani. Misuli ya pale haikazwi na mwendo kama ile ya miguuni. Nenda mapema, saa moja asubuhi, kabla panga halijaanza kazi. Mimi humwambia muuzaji wangu: "Kaka, kilo moja na nusu ya sarara, kipande kimoja, usiiguse na panga." Mara ya kwanza alicheka: "Mama, hilo gogo utalipikaje?" Siku hizi ananiwekea. Angalia pia muhuri wa mkaguzi kwenye mzoga. Nyama isiyokaguliwa inaweza kuwa na vifuko vya tegu, na hiyo si ya kuchezea, hasa kama huivishi sana.

Ukifika nyumbani usikimbilie mkaa. Nyama iliyochinjwa leo bado imekakamaa. Ipanguse, iweke juu ya wavu mdogo wenye sinia chini, iingize kwenye friji bila kuifunika, ilale siku mbili. Juu itakauka na kuwa na rangi nzito. Ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu nyama yenye maji juu inachemka kwanza kabla ya kuiva rangi. Kama mtaani kwenu umeme unakatika kila jioni, ruka hatua hii, pika siku hiyohiyo.

Papai bichi? Kwa sarara, hapana. Kwa paja, ndiyo: kijiko kimoja cha chakula cha papai lililokunwa kwa nusu kilo, nusu saa, kisha pangusa lote. Papai linakula protini kwelikweli. Niliwahi kuliacha usiku kucha, asubuhi nikakuta nyama ya uji.

Kata vipande vya unene wa vidole viwili, yaani kama sentimita tatu. Vyembamba vinaiva ndani kabla havijapata rangi nje. Chumvi ni kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo, ipakwe saa moja kabla. Chumvi huvuta maji nje, halafu maji yaleyale yanarudi ndani yakiwa na ladha. Ukishindwa kusubiri, weka chumvi nyama ikiwa inaelekea jikoni. Dakika kumi kabla ndiyo mbaya, maana maji yametoka na hayajarudi. Pilipili manga mimi naweka mwishoni isiungue. Tangawizi, kitunguu saumu na ndimu viende kwenye mishkaki.

Moto sasa, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Usiwashe kwa mafuta ya taa wala mfuko wa plastiki, utakula harufu yake. Vifuu vya nazi vinatosha. Rundika mkaa upande mmoja wa jiko, upande wa pili uache mtupu, ungoje kama nusu saa mpaka makaa yavae majivu meupe. Weka kiganja juu ya wavu, kama urefu wa kiganja chenyewe, uhesabu polepole: ukishindwa kufika nne, moto uko tayari. Ukifika saba bila shida, chochea.

Pangusa nyama kwa kitambaa, ipake mafuta kidogo, iweke upande wa moto. Geuza kila dakika moja kwa koleo. Usiichome na uma, na tafadhali usiibonyeze. Ule mlio wa chwaa unaoupenda ni maji ya nyama yanayokwenda kwenye majivu. Mafuta yakidondoka na moto ukaruka, sogeza nyama pembeni, usimwage maji. Baada ya dakika tano au sita itakuwa na rangi ya kahawia nzito. Ihamishie upande usio na mkaa, ufunike kwa sufuria kuukuu.

Lini itolewe? Mimi nina kipimajoto cha sindano, na sioni aibu. Wizara ya Kilimo ya Marekani inashauri nyuzijoto 63 kwa kipande kizima, kisha kipumzike dakika tatu. Nyama ya kusaga ni 71. Kwangu 63 inatosha: katikati inabaki na uwaridi. Mama mkwe wangu hataki kusikia. Alipokuja kutoka Singida aliitazama sahani, akaisukuma taratibu.

"Mwanangu, hii bado inatoka damu."

"Si damu, Mama. Damu ilitoka machinjioni. Huo wekundu ni wa msuli wenyewe."

"Basi huo msuli urudi jikoni."

Ukarudi. Kipande cha wazee, wajawazito na watoto nakifikisha 70 na ushei, kwa kukiacha upande wa baridi muda mrefu zaidi, si kwa kukiunguza juu ya makaa. Kinaiva chote na bado kina unyevu. Alikimaliza.

Ikitoka, ilale kwenye ubao dakika nane. Kisha itazame: utaona mistari inaelekea upande mmoja, kama mbao. Kisu kiikate hiyo mistari, vipande vyembamba. Hata paja likikatwa hivyo linasameheka.

Siku za masika natumia gesi na kikaango kizito cha chuma. Kipashe joto mpaka mafuta ya alizeti yaanze kutoa moshi mwembamba, fungua madirisha, choma kwa utaratibu uleule, na dakika ya mwisho tupia siagi na kitunguu saumu kilichopondwa. Kama una paja tu na huna subira ya papai, lichemshe na tangawizi na chumvi saa moja na nusu, kisha likaange na vitunguu na hoho. Hiyo siyo steki, ni chakula kingine, na kina heshima yake. Mabaki ya sarara nayo yanaingia kwenye kikaango hichohicho kesho yake, ila dakika mbili tu, ukiwa umeshatoa mboga.

Kachumbari iwe na ndimu nyingi, vitunguu vimeoshwa na chumvi. Na makaa yakiwa bado yana uhai, panga ndizi mzuzu mbivu juu ya wavu na maganda yake, uzigeuze mpaka ziwe nyeusi na zianze kutoa utomvu. Zitakuwa zimeiva wakati mnamaliza nyama.