Nozeli za dizeli zikichoka, pima kwanza ndo ununue

Wakuu, huku Kigoma Land Cruiser zenye injini ya dizeli ya 1HZ ni nyingi na kilio ni kilekile, asubuhi inawaka kwa tabu, ukipandisha kwenda mtaa wa Mwanga moshi mweusi nyuma, injini inagonga afu inakula mafuta balaa. Wengi wanakimbilia pampu ya dizeli. Anza na nozeli, zile zinazonyunyizia dizeli kwenye injini.

Tafuta kwanza silinda yenye shida. Gari ikiwa sailensi (inaunguruma bila kukanyaga mafuta) legeza kidogo nati ya bomba la nozeli moja, mlio ukishuka ujue silinda hiyo inafanya kazi, ibane uende nyingine. Ile ambayo ukilegeza mlio haubadiliki ndo mgonjwa wako. Vaa miwani, na mkono usiuweke kabisa pale mafuta yanaporuka, mana presha ile inapenya ngozi, unaona kitobo kama cha sindano kumbe ndani nyama inaharibika. Ikikupata nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama haiumi.

Kabla ya kufungua osha juu ya injini. Vumbi letu hili la barabarani likiingia kwenye bomba umemaliza kazi kabla hujaanza, kwahiyo kila bomba unalotoa lizibe mdomo, na kila nozeli ipe namba ya silinda yake. Angalia pia washa (ringi bapa) ya chini ya nozeli isibaki shimoni, ukija kuweka mpya juu ya kuukuu nozeli haikai vizuri na joto linaiua.

Ukifungua nozeli toa sindano yake ya ndani uioshe kwa dizeli safi. Ikiwa na rangi ya bluu iliungua, ikiwa na mikwaruzo basi tupa. Iko sawa? Ichovye dizeli, iinue theluthi moja ndani ya bodi yake uiachie, ishuke yenyewe taratibu kwa uzito wake. Ikikwama haifai. Na usichanganye sindano ya hii na bodi ya ile, zimesagwa pamoja kiwandani. Waya wa chuma kwenye tundu la nozeli usitumie, tumia brashi ya shaba.

Sasa hapa ndo watu wengi wanaruka: mashine ya kupimia nozeli. Mi mwenyewe niliwahi kufunga mpya moja kwa moja toka boksi, gari ikarudi na moshi uleule, nikafungua upya kazi yote. Mpya nazo zinapimwa! Nozeli ya 1HZ inafungua kwenye presha ya bar 150 hivi, injini zinazopuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni (direct injection) ziko juu zaidi, fata kitabu cha injini yako. Mafuta yatoke kama ukungu, sio mchirizi. Afu shikilia presha chini kidogo ya ile ya kufungulia, sekunde 10, nchani pasidondoke tone. Presha ikiwa ndogo ongeza unene wa shimu (kipande chembamba cha chuma kwenye springi ya nozeli) ndani, ikizidi punguza, na nozeli zote zilingane.

Kufunga: washa mpya zote, bana kwa spana ya kipimo (torque wrench), nguvu ya mikono inapinda bodi na sindano inakwama. Toa upepo kwenye njia ya dizeli kwa pampu ya mkono pale kwenye filta, acha nati za mabomba zimelegea, piga stata mpaka dizeli itoke kila bomba, ndo ubane.

Na kama unajaza kwa madumu njiani kwenda Kasulu, chuja, afu fungua koki ya chini ya filta umwage maji.