Jinsi ya kukadiria kazi za sprinti bila kumdanganya bosi (wala kujidanganya mwenyewe)

Kama unafanya kazi ya programu kwa sprinti, yaani vipindi vifupi vya kazi vyenye urefu uleule, hili swali unalijua, "hii itachukua siku ngapi?", na wewe kabla hata hujameza mate unajibu "mbili". Mi nilishaahidi siku mbili za kuunganisha malipo ya simu kwenye apu, zikawa kumi na moja. Kuandika programu yenyewe kweli ilikuwa siku mbili, zilizobaki nilikuwa nasubiri funguo za majaribio (kodi za siri za kujaribia mfumo wa malipo) na kukimbizana na ujumbe wa malipo unaoingia mara mbili, mteja anaonekana kalipa dabo.

Kwa hiyo acha kukadiria kwa siku, kadiria kwa kulinganisha. Chagueni kazi moja ndogo ambayo timu nzima mnaikumbuka, sisi tulichukua ile ya kubadilisha nenosiri, ipeni pointi 2. Kila kazi mpya mnaipima kwa hiyo, ni saizi ileile, imeizidi kidogo, au ni balaa? Namba zetu ni 1, 2, 3, 5, 8, 13, zinaachana zaidi kadri zinavyopanda na ni makusudi, maana kwenye kazi kubwa hakuna anayeweza kutofautisha 11 na 12. Ikifika 13 usiibebe hivohivo, ikate vipande.

Kupiga kura mnatumia karata zenye namba hizo, kila mtu anachagua yake, ndo hiyo planning poker, aliyeianzisha ni James Grenning mwaka 2002. Sheria yake kubwa wote mfunue kwa pamoja, maana mkubwa wa timu akitangulia kusema "3" basi na madogo wote 3. Juzi tulikuwa na kazi ya kutuma risiti kwa esemesi, watatu tukaweka 3, dada anayetesti akaweka 13, tukacheka. Akauliza, "salio la esemesi likiisha katikati, tutajuaje nani kapata na nani hajapata?" Kimya. Tukaipa 8, na hayo maongezi ndo yenye faida kuliko hata namba yenyewe.

Sprinti ikiisha (yetu wiki mbili) jumlisha pointi za kazi zilizokamilika tu, iliyobaki kidogo haihesabiwi hata kama inauma. Tatu za mwanzo tulipata 18, 23, 19, kwa hiyo inayofuata tunabeba 20 basi, na bosi akitaka 30 mwambie achague kipi kitoke. Ila usikubali pointi zenu zilinganishwe na za timu nyingine, mtaanza kupandisha namba, kazi ileile ya jana ya 3 leo inaitwa 8.

Kufuatilia, bodi ya ukutani yenye karatasi za kubandika inatosha kabisa: bado, inaendelea, imeisha. Kwenye "inaendelea" wekeni kikomo, wazo limetoka kwenye kanban, mfumo wa kadi wa viwanda vya magari vya Toyota kule Japani. Sisi wanne kikomo chetu ni kazi 3, kwa hiyo lazima mmoja akamsaidie mwenzie, mwanzoni iliniudhi lakini kazi zilianza kuisha badala ya kurundikana.

Kila asubuhi chora kwenye chati pointi za sprinti zilizobaki. Mstari ukilala siku tatu bila kushuka kuna kitu kimekwama, ulizeni siku hiyohiyo. Na mtu akikwambia "nimefika asilimia 90", kwenye chati usimpunguzie hata pointi moja.