Kuheshimu namba za kimo ndege ikipanda

Vijana ninaowafundisha urubani kwenye simuleta hapa Katindo, Goma, wana haraka ya kuruka. Mimi nawapa kwanza kalamu na karatasi ya kuondokea, yaani ramani ya njia na vimo ambavyo rubani anafuata akitoka uwanjani.

Tafuta kila namba ya kimo, kisha tazama mistari yake. Mstari chini ya namba: usipite pale ukiwa chini ya kimo hicho. Mstari juu: usikizidi. Mistari yote miwili: pita kwenye kimo hicho hicho. Mara nyingi ule wa chini unakuepusha na mlima, ule wa juu na ndege inayokatiza juu yako.

Namba hizo zinaanzia usawa wa bahari. Uwanja wa Goma wenyewe uko karibu futi 5,000, na altimita, yaani kipima kimo, itasoma hivyo magurudumu yakiwa bado kwenye lami. Kwa hiyo futi 7,000 ni kama futi 2,000 tu juu ya mabati ya mtaa wa Birere, na mlima wa volkano wa Nyiragongo pale kaskazini una mita 3,470, zaidi ya futi 11,000. Hakikisha presha uliyoiweka kwenye altimita ni ile uwanja unayoitoa ikiwa imepigiwa hesabu ya usawa wa bahari (QNH). Kila hektopaskali ya kosa ni karibu futi 28.

Je, ndege itaweza? Zidisha asilimia ya mpando (futi za kupanda kwa kila futi 100 za kwenda mbele) kwa mwendo wa ardhini. Karatasi ikidai asilimia 5 nawe unakwenda noti 200 (maili za baharini kwa saa), unahitaji futi 1,000 kwa dakika. Kwetu hewa ni nyepesi, mwendo wa ardhini unakuwa mkubwa, na mashine inapungukiwa nguvu. Hesabu ikikataa, punguza mzigo ukiwa bado chini.

Sasa kwenye Airbus A320, ambako wengi wanateleza. Namba za karatasi zimo kwenye kompyuta ya safari. Zisome moja moja ukilinganisha. Kwenye dirisha la kimo weka kimo ulichoruhusiwa na mwongozaji wa ndege aliye redioni. Ukisukuma kitufe cha kimo, skrini inaandika CLB, na ndege inaacha kupanda yenyewe kwenye kila kizuizi, yaani kimo ambacho karatasi inakataza kukizidi, kisha inaendelea baada ya kupita mahali pake. Ukikivuta inaandika OP CLB. Hapo vizuizi vyote vya karatasi vimesahaulika, inapanda moja kwa moja mpaka namba ya dirishani. Viduara vya kizuizi kwenye ramani vinasema pia: zambarau, kitatimizwa, kahawia-njano, kitakosewa, nyeupe, hakihesabiwi.

Kuna mtego hapo. Mwongozaji akikwambia ugeuke uelekeo fulani, nawe ukavuta kitufe cha uelekeo, CLB inageuka OP CLB bila wewe kugusa kimo. Vijana wangu wanashangilia kona nzuri huku ndege ikivunja kizuizi. Kila ukigusa kitufe, soma skrini kwa sauti. Kama kizuizi bado kipo, shusha namba ya dirishani mpaka kimo chake, na muulize mwongozaji kama anakifuta. Asipojibu wazi, kaa hapo.

Zikibaki futi 1,000 kufika kimo, punguza mpando usizidi futi 1,500 kwa dakika. Ukikikaribia kwa kasi kubwa, chombo cha kuzuia migongano, chako au cha ndege iliyo juu yako, kinaweza kupiga kelele hata kama ungeacha kupanda kwenye kimo sahihi.