Jinsi ya kuendesha Nissan Leaf hadi betri ikaribie kuisha, ujue kilomita zake za kweli

Leaf ni gari la umeme la Nissan, na nyingi zilizoko Nairobi zilitumika Japani miaka kadhaa kabla ya kupakiwa melini. Mwenye gari huja gereji na swali moja: hili gari litanifikisha wapi? Dashibodi haiwezi kumjibu. Ile namba ya kilomita zilizobaki ni makisio yanayofuata ulivyoendesha muda mfupi uliopita. Ukishuka kutoka Limuru inapanda, ukianza kupanda inaporomoka.

Vile vijiti 12 vidogo vya afya ya betri navyo si vya kuaminiwa peke yake. Wapo wauzaji wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili vijiti vyote 12 virudi. Huonekana hivyo kwa muda, kisha vinaanza kupotea kimoja kimoja mnunuzi akiwa ameshalipa.

Kipimo kisichodanganyika ni kulijaza gari chaji, kuliendesha hadi karibu liishe, kisha kulijaza tena ukihesabu umeme ulioingia. Ndivyo ninavyopima kila Leaf inayopita mikononi mwangu. Haihitaji mashine ya bei ghali, ila inahitaji utaratibu. Ukiuruka utaishia kusukuma gari barabarani, au utaiumiza betri uliyotaka kuichunguza.

Kwanza uelewe kinachosimamisha gari

Watu wengi hudhani gari husimama asilimia ikifika sifuri. Sivyo. Betri ya Leaf ya 24 kWh (kilowati-saa, zilezile yuniti za mita ya stima) ina seli 192 zilizopangwa mbili mbili, yaani jozi 96 zilizoungwa kwa mfululizo. Umeme unaoingia jozi ya kwanza ndio huohuo unaotoka jozi ya mwisho. Ni kama wapagazi 96 waliofungwa kamba moja: wa kwanza kuanguka anawasimamisha wote. Kompyuta inaitazama jozi dhaifu kuliko zote, na volti yake ikishuka mno, inapunguza nguvu za mota, halafu inakata umeme kabisa. Jozi 95 zinaweza kuwa bado na chaji ya kutosha, na gari likakataa kwenda.

Ndiyo maana Leaf mbili zenye vijiti sawa vya afya zinaweza kupishana sana. Moja inakwenda hadi mwisho kwa utulivu, nyingine inazima huku dashibodi ikionyesha bado zaidi ya asilimia kumi.

Hatua ya 1: Vifaa

Nunua kile kifaa kidogo cha OBD2 (cha kusoma kompyuta ya gari) chenye Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani, na uweke programu ya LeafSpy kwenye simu. Vya bei rahisi mno mara nyingi hukatika mawasiliano katikati ya safari, kwa hiyo kijaribu gari likiwa limesimama. LeafSpy inakuonyesha volti ya kila jozi kwa mistari 96 iliyosimama, na hiyo ndiyo skrini utakayoitazama mwishoni. Tafuta mtu wa kukaa nawe asome simu, kwa sababu wewe macho yako ni ya barabara.

Beba pembetatu za kuakisi mwanga, tochi, na namba ya simu ya mwenye gari la kuvuta lenye kitanda cha kubebea gari zima. Usichukue lile la kamba. Mota ya Leaf imeungana moja kwa moja na magurudumu ya mbele, na yakizungushwa barabarani bila gari kuwa hai, unaweza kuharibu mitambo ya umeme. Gari libebwe zima, au magurudumu ya mbele yainuliwe.

Nyaya za rangi ya chungwa ukiziona chini ya boneti au chini ya gari, usiziguse. Betri ikijaa ina karibu volti 400.

Hatua ya 2: Andaa gari usiku

Pima upepo wa matairi, yawe 36 psi yote manne. Tairi laini zitakula kilomita na utailaumu betri bure.

Chaji hadi 100%. Hakikisha kebo unayotumia ni ya volti 240 za kwetu. Kebo nyingi zinazokuja na gari zilitengenezwa kwa umeme wa Japani, na kuzibadilishia plagi tu hakutoshi. Kwenye soketi ya kawaida ya ukutani usivute zaidi ya ampea 10 kwa saa nyingi. Soketi nyumbani kwako ikiwa ya zamani, iguse baada ya nusu saa. Ikiwa ya moto, zima na umwite fundi wa umeme kwanza.

Ikishajaa, iache ipumzike saa moja au mbili kabla ya kuondoka. Betri ya Leaf haina mfumo wa maji wa kuipoza, kwa hiyo joto la kuchaji hubaki ndani muda mrefu. Asubuhi ya Nairobi yenye ubaridi kiasi inafaa sana. Mombasa nako fanya alfajiri. Joto ndilo adui mkubwa wa betri hizi, na wenye Leaf wa Arizona walilalamika mwaka 2012 kwa kupoteza vijiti mapema kuliko wenzao wa sehemu za baridi.

Hatua ya 3: Chagua njia kabla ya kuwasha

Kwangu hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote. Gawa safari sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza, kutoka 100% hadi karibu 25%, ni barabara unazotumia kila siku. Kama kazi yako ni teksi ya mjini, pita mjini. Kama unaishi Kitengela na unafanya kazi Westlands, nenda njia hiyo hiyo. Unataka kujua kilomita za maisha yako, si za maabara.

Sehemu ya pili, kutoka 25% kwenda chini, ni mzunguko mfupi mtaani usiokupeleka zaidi ya kilomita moja na nusu kutoka kwenye soketi yako. Barabara iwe tambarare, yenye ukingo wa kuegesha, na isiwe na matatu zinazokimbizana nyuma yako. Usimalizie kwenye Expressway, usimalizie Thika Road, usimalizie Southern Bypass. Gari likipoteza nguvu pale, lori linalokuja nyuma halitajua kwamba ulikuwa unapima betri.

Wa Syokimau na Kitengela wana bahati ya ardhi tambarare. Wa Kikuyu na Limuru mtafute mahali ambapo kurudi nyumbani ni kushuka. Kwa gari la uzito huu likiwa na abiria, kila mita 100 za kupanda zinakula takriban nusu kilowati-saa, na betri ikiwa chini hiyo nusu ndiyo tofauti ya kufika na kutofika.

Hatua ya 4: Endesha

Rudisha sifuri kihesabu cha safari. Piga picha mita ya stima. Kama una mita ya tokeni, au LUKU kwa walio Tanzania, tayari unayo mashine ya kupimia.

Endesha kawaida. Usijibane ukienda kilomita 30 kwa saa ili upate namba nzuri ya kujivunia. Namba hiyo haitakusaidia siku ya mvua ukiwa umechelewa. Ila ujue mwendo unagharimu nini: ukikaa kilomita 100 kwa saa, kila kilomita gari linakula karibu mara mbili ya linavyokula ukikaa 50, kwa sababu kinachokuzuia zaidi ni hewa. Hita nayo ni mlaji mkubwa kuliko kipoza hewa. Mkiwasha hita asubuhi za Julai, iwasheni na siku ya kupima.

Kila 10% inaposhuka, msaidizi aandike kilomita na volti ya jozi ya chini kabisa. Matoleo ya awali ya Leaf hayaonyeshi asilimia kwenye dashibodi, basi tumia ya LeafSpy.

Katikati ya safari hutaona jipya. Volti hushuka polepole sana, na mistari yote 96 husimama karibu sawa hata kwa betri iliyochoka. Hapa ndipo mnunuzi mwenye haraka hudanganyika: anazunguka mtaa, anaona mistari imenyooka, analipa.

Hatua ya 5: Asilimia za mwisho

Onyo la kwanza ni taa ya njano ya betri, pamoja na maneno, na kwenye gari lenye redio ya Kijapani, sauti ya mama mmoja mpole akikuambia jambo usilolielewa. Ukiiona taa hiyo, uwe tayari kwenye mzunguko wako wa mtaani. Bado una kilomita kadhaa.

Onyo la pili: namba ya kilomita inafutika na kubaki vistari tu. Kompyuta imeacha kukisia. Kuanzia hapa msaidizi asitoe macho kwenye mistari ya LeafSpy.

Betri nzuri inashuka kama kikosi, mistari yote pamoja, na tofauti kati ya jozi ya juu na ya chini hubaki makumi machache ya milivolti. Betri yenye seli mbovu inajifichua sasa. Kuna Leaf moja ililetwa kwangu ikiwa na vijiti 11 na mwenyewe akilalamika kwamba inazima ghafla mlimani. Hadi nusu ya chaji mistari yake ilikuwa imenyooka kabisa. Vistari vilipotokea, jozi nyingi zilikuwa 3.58 V na moja ilikuwa 3.41 V. Nilipokanyaga kidogo kupita tuta, ile moja ilizama chini ya 3.2 V, na nilipoachilia ikapanda tena. Nyingine hazikutikisika. Tatizo lilikuwa moduli moja (kisanduku cha seli nne) kati ya 48, na mwenye gari alikuwa ameshaambiwa anunue betri nzima.

Kwa hiyo fanya hivyo hivyo: kanyaga kwa upole sekunde chache, achilia, tazama ni mstari gani unaozama. Andika namba yake.

Maliza safari jozi ya chini ikifika 3.2 V ukiwa unaendesha taratibu, au taa ya kobe ikiwaka, chochote kitakachotangulia. Kobe maana yake nguvu zimeshapunguzwa na gari litatembea mwendo wa kubembeleza, mbali isiyojulikana. Huna haja ya kumfikia. Tofauti ya umbali kati ya 3.2 V na kobe ni ndogo, lakini seli dhaifu huumia zaidi pale mwisho kabisa.

Ikitokea gari limekata njiani: washa taa za hatari, tumia mwendo uliobaki kulitoa barabarani, na uweke N mapema. Gia ya P hufungwa na kufunguliwa kwa umeme wa betri ndogo ya volti 12. Betri hiyo sasa haichajiwi tena, na ikiisha ukiwa kwenye P, gari halisukumiki. Weka pembetatu, kisha upige simu.

Hatua ya 6: Chaji mara moja, na uhesabu

Usiliache gari likiwa tupu hadi kesho kutwa. Nissan wenyewe wameandika kwenye kitabu cha gari kwamba lisikae zaidi ya siku 14 betri ikiwa sifuri au karibu na sifuri, na kwa betri kuukuu mimi nasema lisilale usiku mmoja.

Soma mita ya stima kabla ya kuchomeka. Usiku huo msitumie shawa ya umeme wala pasi. Friji haitaharibu hesabu. Soma tena gari likijaa.

Tuseme mita ilikuwa na yuniti 61.3 na sasa ina 43.7. Zimeingia 17.6. Ukichaji polepole kwenye soketi ya ukutani, takriban 15% hupotea kama joto, kwa hiyo zidisha kwa 0.85: betri imepokea karibu kWh 15. Leaf ya 24 kWh ikiwa mpya hukupa kama 21 za kutumia. Gawanya 15 kwa 21, unapata 71%. Hiyo ndiyo afya ya betri yako, haijalishi vijiti vinasema nini. Kama kihesabu cha safari kilisoma kilomita 102, unapata kilomita 6.8 kwa kila yuniti iliyotoka kwenye betri.

Kisha toa akiba. Kwa gari la kilomita 102, mimi humwambia mteja apange siku yake kwa kilomita 80, na kwa teksi 75, kwa sababu abiria anaweza kukupeleka Ngong bila kukuonya.

Hatua ya 7: Unachofanya na matokeo

Kilomita ni chache lakini mistari ilishuka pamoja: betri imezeeka kwa usawa. Hakuna moduli ya kubadilisha, ipunguzie kazi na joto.

Mstari mmoja au miwili ilizama: peleka gari kwa fundi mwenye glavu za volti kubwa na uzoefu wa kufungua betri, ukiwa na picha za skrini na namba za jozi. Moduli inayowekwa lazima isawazishwe volti na nyingine kwanza, la sivyo tatizo litarudi.

Kipimo hiki kinatosha mara moja kwa mwaka. Siku nyingine chaji ikifika 20% rudi nyumbani. Kama unanunua, mwombe muuzaji mkifanye pamoja, kuanzia 100%, gharama ya stima ulipe wewe. Akikataa, weka bei yako kana kwamba gari hilo linahitaji betri nyingine.