Pumu ya ukoo: mpeleke mtoto kliniki na daftari

Mimi wanangu wawili wana pumu, hapa Wete. Kabla ya kliniki, waulize bibi wa kuumeni na wa kukeni: nani ana pumu, nani hupiga chafya mfululizo, nani ngozi humwasha tangu utotoni. Andika yote, maana hufuatana ndani ya ukoo.

Mawifi wasianze kulaumiana! Jeni za pumu, yaani vinasaba tunavyorithi kwa wazazi, ni nyingi, kila moja na mchango mdogo. Mwaka 2007 watafiti walitaja sehemu ya kromosomu ya 17 (kromosomu ni nyuzi za ndani ya seli zinazobeba jeni) inayohusiana na pumu ya utotoni. Moshi wa kuni nao huchochea. Jiko lihamie uwani.

Sasa dawa. Salbutamoli, dawa ya kuvuta ya kutuliza pumu, hulegeza njia za hewa kwa kushika kipokezi (sehemu ya seli inayopokea dawa) ambacho jeni yake hutofautiana baina ya watu. Mkubwa wangu hupata nafuu upesi, mdogo huchelewa. Lakini usikimbilie kusingizia jeni. Tazama kwanza anavyovuta. Tikisa kopo la dawa, lichomeke kwenye tundu ulilotoboa kitakoni mwa chupa tupu ya maji ya nusu lita, mdomo wa mtoto ubane shingo ya chupa, bonyeza mara moja, avute pumzi tano au sita. Ndipo ubonyeze tena.

Daftarini weka tarehe, mibonyezo, na muda hadi nafuu. Akiihitaji salbutamoli zaidi ya mara mbili kwa wiki, mwambie daktari. Dawa ya kinga, ile ya kila siku ya kuzuia pumu, usiikatishe mwenyewe. Mbavu zikibonyea au akishindwa kusema, hospitali saa hiyo hiyo.